Gemu 14 za Yu-Gi-Oh! za Zamani: Uanze na Ipi, Deki Uipangeje, na Mahali Wengi Wanapokwama

Tarehe 27 Februari 2025 kampuni ya Konami ilitoa Yu-Gi-Oh! Early Days Collection, mkusanyo wa gemu 14 za Yu-Gi-Oh!, mchezo wa Kijapani wa kupambanisha kadi, zilizotengenezwa kwa ajili ya vifaa vya mkononi vya Game Boy, Game Boy Color na Game Boy Advance kuanzia mwaka 1998. Unachezwa kwenye Nintendo Switch na kwenye kompyuta kupitia Steam, duka la gemu la mtandaoni. Kadhaa kati ya gemu hizo zilikuwa za Kijapani tu, na sasa zimetiwa Kiingereza.

Wengi wakifungua orodha huanza na gemu ya juu kabisa, ile ya 1998, kwa kuwa ndiyo ya kwanza kutengenezwa. Baada ya nusu saa wamechoka: picha ni za rangi moja, sheria hazifanani na kadi wanazozijua, na adui yuleyule inabidi apigwe mara tano ndipo wafungue hatua inayofuata. Wanazima na kuona hela imepotea. Hela haijapotea, walioanza ndio wamekosea mlango.

Kununua ukiwa Dodoma

Bei ya kuanzia ilikuwa dola 49.99, ambayo kwa shilingi inavuka 100,000. Steam haina bei ya shilingi ya Tanzania, unalipa kwa dola. Njia nyepesi ni kadi ya Visa ya mtandaoni inayotengenezwa ndani ya M-Pesa, au kadi ya benki iliyofunguliwa kwa malipo ya nje. Malipo hugoma kwa sababu mbili za kawaida. Ya kwanza ni salio kuwa sawasawa na bei bila nafasi ya tofauti ya kubadilishia fedha, kwa hiyo weka ziada kidogo. Ya pili ni VPN iliyowashwa: Steam inaona kadi ni ya Tanzania na wewe unaonekana uko Ulaya, inakataa. Izime kabla ya kulipa.

Kama bei ni kubwa kwako, iweke kwenye orodha ya matamanio na Steam itakutumia barua pepe punguzo likitokea. Usinunue "kodi" (namba ya kufungulia gemu) ya bei rahisi kutoka kwa mtu wa kwenye magrupu ya WhatsApp, maana ikishindwa kufanya kazi huna pa kuidai hela yako. Ukinunua Steam kwenyewe una haki ya kurudishiwa hela ndani ya siku 14, ilimradi hujacheza zaidi ya saa 2. Saa hizo mbili zitumie kupima kompyuta yako: fungua gemu tatu tofauti, sikiliza sauti, jaribu pedi.

Mwenye Switch anaweza kununua kaseti halisi. Kaseti za Switch hazibagui nchi, kwa hiyo iliyoagizwa kutoka Dubai au Uingereza itakubali. Wengi huagiza kupitia wauzaji wa Kariakoo na mzigo unakuja kwa basi hadi stendi kuu ya Nzuguni. Mwambie muuzaji akupigie picha ya kaseti yenyewe, siyo kasha peke yake.

Pakua usiku kwa bando la usiku, au kwenye Wi-Fi ya hosteli kama uko UDOM. Ikishamaliza, ifungue mara moja ukiwa bado hewani, kisha iweke Steam kwenye hali ya nje ya mtandao. Ukiruka hatua hii, siku bando likiisha utakuta programu inadai kuingia upya na gemu haifunguki.

Kuhifadhi, na umeme unapokatika

Mkusanyo una njia mbili za kuhifadhi, nazo huchanganywa sana. Ya kwanza ni ile ya gemu yenyewe, kama ilivyokuwa kwenye kaseti ya zamani: unaenda kwenye menyu ya gemu na kuchagua kuhifadhi. Ya pili ni ya mkusanyo, yaani hifadhi ya papo hapo, inayokuruhusu kusimamisha mchezo popote, hata katikati ya zamu. Ukipakia hifadhi ya aina hii ya pili, kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa wakati ule, pamoja na sanduku lako la kadi. Mtu anashinda mapambano kumi leo, anahifadhi ndani ya gemu, kesho anapakia hifadhi ya papo hapo ya juzi na kushangaa kadi zimeyeyuka. Dawa yake ni hii: kila unapomaliza kucheza, hifadhi ndani ya gemu kwanza, halafu hifadhi ya papo hapo juu yake. Zote mbili zitakuwa za wakati mmoja.

Kwenye kompyuta ya mezani fanya hivyo kila baada ya pambano, kwa kuwa umeme ukikatika hakuna betri ya kukuokoa. Upepo wa kiangazi wa Dodoma nao unaingiza vumbi kwenye feni. Gemu hizi ni nyepesi, ukisikia feni inalia sana wakati wa kuzicheza ujue matundu yameziba. Switch imetengenezwa kufanya kazi kwenye joto la nyuzi 5 hadi 35, basi usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Kuna pia kitufe cha kurudisha nyuma na cha kuharakisha. Cha kuharakisha kitumie bila aibu. Uhuishaji wa miaka ile ulikuwa wa taratibu na ukishauona mara tatu umeuona. Cha kurudisha nyuma kitunze kwa kosa la kidole, kwa mfano umebonyeza kushambulia wakati ulitaka kufunika kadi. Ukikitumia kufuta kila pambano unalolishindwa, hutajua kamwe deki yako, yaani jozi yako ya kadi, ina tatizo gani. Mkusanyo unakuruhusu pia kuwasha nyongeza nyingine, kama kufungua kadi au kuondoa vikwazo vya deki. Chaguo zinatofautiana gemu kwa gemu. Tutazirudia kwenye sehemu moja tu ambayo zinastahili.

Familia tatu za sheria

Gemu 14 hizi haziko chini ya sheria moja. Sita zinafuata sheria za kale ambazo Konami ilizibuni kabla mchezo wa kadi za karatasi haujatulia: Duel Monsters, Duel Monsters II, Dark Duel Stories, Duel Monsters 4, The Sacred Cards na Reshef of Destruction. Tano zinafuata sheria zinazokaribia sana za kadi za karatasi: The Eternal Duelist Soul, Duel Monsters 6, Stairway to the Destined Duel, World Championship Tournament 2004 na 7 Trials to Glory. Tatu zilizobaki, Monster Capsule GB, Dungeon Dice Monsters na Destiny Board Traveler, si za kadi kwa maana ya kawaida.

Anza na The Eternal Duelist Soul. Haina hadithi ndefu, ni pambano baada ya pambano, na kila ukishinda unapewa pakiti ya kadi mpya. Wapinzani wamepangwa kwa madaraja, na daraja jipya hufunguka ukiwapiga wa chini mara kadhaa. Ina kadi zaidi ya 800. Kila utakachojifunza humo kinakufaa kwenye nyingine nne za familia yake.

Kupanga deki yako ya kwanza

Deki iwe na kadi 40, usizidishe hata moja. Hesabu yake ni rahisi. Kwenye deki ya kadi 40, uwezekano wa kadi unayoitaka kuwa miongoni mwa kadi 10 za kwanza ni asilimia 25. Kwenye deki ya kadi 60 unashuka hadi asilimia 17 hivi. Kila kadi dhaifu unayoongeza inamsukuma mbali shujaa wako.

Gawa hivi:

- Mazimwi 20. Kati yao 16 yawe ya ngazi ya 4 au chini, ambayo unayaita uwanjani bila gharama. Mawili au matatu ya ngazi ya 5 na 6, yanayodai kafara ya zimwi moja. Lisizidi moja au mawili ya ngazi ya 7 na kuendelea, yanayodai kafara mbili.
- Uchawi 14.
- Mitego 6.

Kwa nini mazimwi madogo 16? Ukivuta kadi tano za kuanzia kutoka kadi 40, uwezekano wa kukosa kabisa zimwi dogo ni kama asilimia 6. Ukiwa nayo 10 tu, kwa kuwa umejaza madragoni makubwa, unapanda hadi asilimia 22. Maana yake ni kwamba katika kila mapambano matano kuna moja unaanza umekaa kimya huku mwenzako anakupiga. Blue-Eyes White Dragon ana nguvu 3000 na kila mtu anampenda, ila ni ngazi ya 8. Ukiwa naye mkononi bila mazimwi mawili ya kutoa kafara, ni karatasi tu. Summoned Skull, ngazi ya 6 mwenye nguvu 2500, anadai kafara moja na anafanya kazi ileile mara nyingi zaidi.

Kwenye ngazi ya 4 tafuta nguvu ya 1800 na kuendelea. La Jinn ana 1800, 7 Colored Fish 1800, Mechanicalchaser 1850, Gemini Elf 1900. Tofauti ya pointi 50 au 100 inaonekana ndogo, lakini kwenye gemu za kipindi hiki ndiyo inayoamua nani anabaki uwanjani zamu ya tatu.

Upande wa uchawi, kadi za kusaka kabla ya zote ni Pot of Greed inayokupa kadi mbili bure, Raigeki inayofagia mazimwi yote ya mpinzani, Dark Hole inayofagia ya pande zote mbili, Change of Heart inayoazima zimwi lake kwa zamu moja, na Monster Reborn inayofufua kutoka makaburini. Kadi kali za aina hii unaruhusiwa moja moja tu, ndiyo maana deki nzuri inakuwa na kadi nyingi tofauti. Kosa la mwanzo ni kuitupa Raigeki mara tu inapoingia mkononi ilhali mpinzani ana zimwi moja dogo. Subiri awe na mawili, au awe ametoa kafara kumwita mkubwa. Kuchanga karata vizuri ni pamoja na kujua ya kubakiza.

Kadi za karatasi zina namba ya tarakimu nane kwenye kona ya chini kushoto, na gemu kadhaa za mkusanyo zina sehemu ya kuiingiza ili upewe kadi hiyo. Dark Magician ni 46986414, Blue-Eyes ni 89631139. Siyo kila kadi inakubaliwa kila gemu. Ukiona namba imegoma, hakiki tarakimu kwanza kabla ya kukata tamaa, kwani 6 na 8 za kadi chakavu zinafanana.

Maneno ya Kiingereza ya kwenye skrini ni machache. Summon ni kuliita zimwi uwanjani likiwa wazi. Set ni kufunika kadi. Tribute ni kafara. Flip ni uwezo unaoamka kadi iliyofunikwa inapogeuzwa. Discard ni kutupa kadi ya mkononi, na destroy ni kuangamiza kilichoko uwanjani. Ukiwachanganya discard na destroy utapoteza kadi zisizo na sababu ya kupotea.

Zamu moja kwa ukaribu

Mpinzani ana Summoned Skull wa 2500. Mkononi una Man-Eater Bug na La Jinn. La Jinn ana 1800, ukimweka wazi atapigwa na utapoteza pointi 700 za uhai. Weka Man-Eater Bug akiwa amefunikwa, kisha maliza zamu. Kompyuta mara nyingi huishambulia kadi iliyofunikwa. Skull anakuja, mdudu anageuka na kuonyesha ulinzi wa 600. Anakufa, lakini kugeuka kwake kumeamsha uwezo wake: chagua zimwi moja uwanjani liangamizwe. Unamchagua Skull. Mpinzani alitoa zimwi moja kafara kumpata Skull, kwa hiyo kwa kadi yako moja dhaifu amepoteza kadi mbili. Zamu yako unamwita La Jinn kwenye uwanja mtupu na kumpiga 1800 moja kwa moja.

Ukiuelewa mlolongo huu, umeelewa robo tatu ya gemu za familia hii. Hesabu siku zote kadi zilizotoka kwake dhidi ya zilizotoka kwako. Pointi za uhai 8000 zinashuka baadaye zenyewe.

Ukimaliza hapa, ruka hadi World Championship Tournament 2004, kisha 7 Trials to Glory. Kadi ni zaidi ya 1000 na vikwazo vya kadi ni vikali zaidi, basi usishangae deki yako ya mwanzo ikikataliwa. Stairway to the Destined Duel inampendeza anayetaka kuzunguka kwenye ramani ya mji akitafuta wapinzani. Duel Monsters 6 ni kwa mwenye muda.

The Sacred Cards: sheria za kale, mahali sahihi pa kuzionja

Ukitaka kuijua familia ya kale, ingilia hapa, siyo kwenye gemu ya 1998. Kuna hadithi ya mashindano ya Battle City, unatembea, unaongea na watu, unashindania kadi. Vitu viwili vitakukwamisha.

Cha kwanza ni gharama ya deki. Kila kadi ina bei yake ya pointi, na jumla ya kadi 40 haitakiwi kupita uwezo wako. Juu ya hapo, kadi inaweza kudai ngazi ya mchezaji ambayo hujaifikia. Kwa hiyo kushinda kadi kubwa mapema hakukusaidii leo. Iuze dukani, ununue tatu za kati. Hapa ndipo nyongeza ya kuondoa kikwazo cha gharama inajaribu moyo. Ushauri wetu ni kuiacha imezimwa kwenye The Sacred Cards, maana kupanga deki ndani ya kikwazo ndiyo gemu yenyewe. Kwenye Reshef of Destruction iwashe bila kusita. Uwezo wa deki huko unapanda kwa mwendo wa kinyonga, na wapinzani wana pointi za uhai zinazozidi sana 8000. Wachezaji wengi wa zamani waliiacha njiani, na siyo kwa kukosa akili.

Cha pili ni asili ya zimwi. Inafanya kazi kama turufu kwenye karata, ambapo mbili ya turufu inaila ree ya kawaida. Zimwi lenye asili inayolishinda lingine linaliangamiza bila kujali nguvu zao. Kuna mizunguko miwili. Wa kwanza: Kivuli kinaishinda Nuru, Nuru inamshinda Shetani, Shetani anaishinda Ndoto, Ndoto inakishinda Kivuli. Wa pili: Moto unaushinda Msitu, Msitu unaushinda Upepo, Upepo unaishinda Ardhi, Ardhi inaishinda Radi, Radi inayashinda Maji, na Maji yanaushinda Moto. Mizunguko hiyo haigusani: zimwi la Moto likikutana na la Nuru, ni nguvu tu zinazoamua.

Iandike kwenye karatasi na uibandike pembeni ya skrini kwa wiki ya kwanza. Kisha panga deki ili usiwe na zaidi ya mazimwi manane ya asili moja, na usikose angalau matatu ya kila asili kwenye mzunguko wa kwanza. Aliyejaza mazimwi ya Nuru kwa sababu yana nguvu kubwa atafagiwa na kijizimwi kimoja cha Kivuli. Kabla ya kushambulia, sogeza kishale juu ya zimwi la mpinzani na usome asili yake, halafu ndipo usome nguvu.

Dark Duel Stories inatumia mizunguko hiyohiyo, pamoja na kuunganisha kadi mbili zikazaa zimwi jipya. Ijaribu baada ya hapa, ikiwa imeharakishwa.

Dungeon Dice Monsters: usipitwe na hii

Badala ya kadi unarusha dadu tatu kila zamu kutoka kwenye fungu la dadu 15. Ili uite zimwi, nyuso mbili kati ya tatu zitoke na alama ya kuita, tena za ngazi moja. Dadu ikikubali inafunguka kama boksi la karatasi na kuwa miraba sita ya njia. Unajenga njia hiyo hadi kwa bwana wa upande wa pili, mwenye mioyo mitatu.

Siri iko kwenye nyuso. Dadu ya ngazi ya 1 ina alama ya kuita kwenye nyuso nne kati ya sita, ya 2 tatu, ya 3 mbili, ya 4 moja. Ukirusha tatu za ngazi ya 1 unafanikiwa mara 74 kati ya 100. Tatu za ngazi ya 2, mara 50. Za ngazi ya 3, mara 26. Za ngazi ya 4, mara 7 tu. Ndiyo maana anayejaza fungu kwa mazimwi makubwa anakaa zamu kumi bila njia. Chukua saba za ngazi ya 1, tano za ngazi ya 2 na tatu za ngazi ya 3. Usirushe ngazi tatu tofauti kwa pamoja, kwa kuwa hata alama zikitoka zote haziwezi kulingana.

Miraba ya mwanzo ielekeze katikati na umzibie mpinzani mlango wake. Njia ikishazibwa haifunguki tena, na anayewahi katikati ndiye anayechagua vita vipiganwe wapi.

Monster Capsule GB inafaa kwa udadisi. Destiny Board Traveler iache hadi siku huna kingine.

Kucheza na mtu mwingine kwa mtandao kuliwekwa kwenye Duel Monsters 4 peke yake wakati mkusanyo unatoka. Hiyo ni gemu ya sheria za kale, basi usiingie huko na mazoea ya The Eternal Duelist Soul. Tumia intaneti iliyotulia, na kabla ya kutafuta mpinzani simamisha upakuaji wowote unaoendelea kwenye kompyuta, maana ukikatika katikati hakuna hifadhi ya papo hapo itakayokurudisha pambanoni.